Wimbo wa "Funkytown" na Kurudiwa Kwake, 1980–1987

Yasemwa mara nyingi kwamba disko ilikufa usiku wa tarehe 12 Julai 1979, katika uwanja wa besiboli wa Comiskey Park mjini Chicago, pale santuri za muziki huo zilipolipuliwa mbele ya maelfu ya watu, na umati ukafurika uwanjani hata mchezo wa pili usiweze kuchezwa. Tarehe hiyo yampendeza mwandishi atakaye habari yenye mwisho dhahiri. Walakini haipatani na mambo yaliyofuata, na wimbo mmoja watosha kuonyesha hivyo.

Mwishoni mwa Mei 1980, miezi kumi baada ya mlipuko ule, "Funkytown" wa kundi la Lipps Inc. ulishika nafasi ya kwanza katika orodha ya jarida la Billboard, ukakaa hapo majuma manne. Mtungaji alikuwa Steven Greenberg wa Minneapolis; mwimbaji, Cynthia Johnson wa mji huo huo. Maudhui yake ni tamaa ya mtu aliyechoshwa na mji wake, atakaye kuhamia penye uchangamfu zaidi. Mji huo hautajwi ila kwa jina la sifa, na hapa mwanafunzi wa lugha hana budi kutua. Katika Kiingereza cha zamani neno "funk" lilikuwa na maana ya uvundo au moshi mzito. Wanamuziki Weusi wa Marekani ndio walioligeuza kuwa sifa ya muziki wenye jasho na mdundo wa kweli. Basi mji unaotamaniwa umepewa jina kwa lugha yao, na auitaye ni mwanamke wa kwao.

Mwishoni mwa 1986 wimbo huo ulirudiwa na Pseudo Echo, bendi iliyoanzishwa Melbourne mwaka 1982, nayo ni ya mtindo uitwao wimbi jipya. (Jina la bendi, kwa bahati, maana yake ni mwangwi wa bandia.) Ulikaa majuma saba katika nafasi ya kwanza nchini Australia, mwaka 1987 ukafika nafasi ya 6 Marekani na ya 8 Uingereza. Maneno yalibaki karibu yale yale. Kilichobadilika ni sauti. Katika wimbo wa kwanza mna vokoda, kifaa kigeuzacho sauti ya mtu ikafanana na ya mashine, na kipande kifupi cha kinanda cha umeme kirudiwacho tena na tena. Pseudo Echo walikipa gitaa kipande hicho, wakaongeza mahali pa gitaa kutamba peke yake, na mwimbaji akawa mwanamume, Brian Canham.

Kwa maoni yangu gitaa hilo ndilo lililokuwa cheti cha kupitia mlangoni. Walioichukia disko walikuwa hasa wasikilizaji wa roki, ambao kwao gitaa ni alama ya muziki halali. Wengi waliochunguza usiku wa Chicago wameona ndani yake dharau juu ya Weusi, Walatino na wapenzi wa jinsia moja, ambao ndio walioilea disko. Habari za 1987 hazithibitishi neno hilo, ila zapatana nalo: utunzi ule ule ulipokewa na wasikilizaji wa roki ulipokuja na sura nyingine.

Haifai kuwaita Pseudo Echo wezi. Greenberg alibaki mtungaji, na haki ya mtungaji hufuata utunzi popote uimbwapo. Haki hiyo mwimbaji wa kwanza hana. Kiingereza huliita jambo hili kufunika wimbo; sisi twasema kuurudia, nami nimelishika neno letu, ingawa kwa upande wa Cynthia Johnson lile la Kiingereza lina ukweli zaidi.