Nani Yuko Nje ya Mlango? Mwalimu Mkuu, Usawa na Kuondoa Ukoloni Shuleni: Mtazamo kutoka Ghuba ya Mwanza

1. Utangulizi

Kwa miaka mingi Busisi ilijulikana kwa kivuko chake. Kijiji hiki kiko ukingo wa magharibi wa Ghuba ya Mwanza, katika Wilaya ya Sengerema, na abiria wengi waliotoka Geita na Sengerema kwenda Mwanza walisubiri hapo hadi pantoni irudi kutoka Kigongo. Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa Daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, na sasa ghuba huvukwa kwa dakika chache. Maendeleo haya ni ya kumshukuru Mungu. Hata hivyo, mchungaji anayetembelea kaya za ukingo huu anajua kwamba bado wapo watoto ambao hawajavuka. Wapo wavulana walioacha shule ili kuanika dagaa au kuchunga ng'ombe, na wapo wasichana ambao majina yao yaliwahi kuandikwa katika rejista kisha yakafutwa.

Makala haya yanauliza swali la kihistoria: Je, shule ya Tanzania imekwisha kuondokana na ukoloni? Kwa kawaida tunajibu swali hili kwa kutazama nani anamiliki shule na nini kinafundishwa. Nataka kuonyesha kwamba kipimo hicho hakitoshi. Hapana budi tutazame pia ofisi ya mwalimu mkuu, na kuuliza anawajibika kwa nani na ni mtoto gani anayebaki nje ya mlango wake. Kiongozi wetu katika uchunguzi huu atakuwa kazi ya Profesa Marjorie Mbilinyi, ambaye alifundisha na kutafiti elimu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu mwaka 1968 hadi mwanzoni mwa karne hii.

2. Shule ya misheni na shule ya mkoloni

Historia ya shule katika pande hizi ilianza mapema. Mwaka 1883 Mapadre Weupe, waliokuwa wameondoka Buganda, walijenga kituo huko Bukumbi, upande wa mashariki wa ghuba. Miongoni mwa watu wa kwanza kukaa na kufundishwa katika vituo vya aina hii walikuwamo watoto waliokombolewa utumwani. Kusini mwa ziwa, mahali palipoitwa Usambiro, Alexander Mackay wa Church Missionary Society aliendelea na kazi yake ya tafsiri na uchapaji hadi alipofariki Februari 1890. Kwa hiyo tusisahau kwamba shule ya kwanza ya Kikristo katika eneo hili iliwapokea watu ambao jamii haikuwahesabu. Huo ni urithi mwema.

Lakini shule hiyo ilikuwa na sura ya pili. Mwafrika aliyesimama mbele ya darasa la kijijini alikuwa mwalimu na mwinjilisti kwa wakati mmoja. Alijulikana na kila mtu, akaaminiwa na wengi, ila mamlaka yake yalikuwa ya kuazimwa. Meneja wa shule alikuwa mmisionari kituoni. Baada ya Tume ya Phelps-Stokes kupita Afrika Mashariki mwaka 1924, na Sheria ya Elimu kupitishwa mwaka 1927, serikali ya Kiingereza ilianza kuzipa misheni ruzuku kwa shule zilizotimiza masharti yake. Kuanzia hapo mwalimu alitazamwa na macho mawili kutoka juu, jicho la kituo na jicho la mkaguzi. Shule nyingi za vijijini zilibaki bila ruzuku. Wakati huohuo Shule ya Tabora, iliyofunguliwa mwaka 1925, iliwalenga hasa wana wa machifu ili wawe watumishi wa utawala wa kupitia kwa wenyeji. Aidha, watoto wa Kizungu, wa Kihindi na wa Kiafrika walikuwa na shule zao mbalimbali, kila moja na gharama yake na hadhi yake, hadi utaratibu huo ulipofutwa kuanzia mwaka 1962.

Ni dhahiri basi kwamba shule ya kikoloni ilirithisha mambo mawili. La kwanza ni kuchuja, yaani wachache wapande na wengi warudi nyumbani wakijiona wameshindwa. La pili ni aina ya uongozi. Mkuu wa shule alitoa hesabu kwa aliye juu yake, naye aliye chini yake akapokea amri. Fimbo ilikuwa ishara ya utaratibu huo.

3. Kutoka Azimio la Arusha hadi Azimio la Musoma

Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Julius Nyerere alitoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea. Yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa ukanda wa ziwa, aliyeanza masomo katika shule ya Mwisenge, Musoma. Alieleza kwamba elimu iliyorithiwa ilipangwa kwa faida ya wachache, kwa kuwa kiasi cha asilimia 13 tu ya watoto wa shule za msingi ndio wangepata nafasi ya sekondari. Alitaka shule iwe jumuiya yenye shamba na kazi, ambamo walimu na wanafunzi wangepanga mambo pamoja. Kwa maneno mengine, Nyerere aligusa uongozi wa shule pamoja na mtaala wake.

Mwaka 1969 Sheria ya Elimu iliziweka shule za mashirika ya dini zilizokuwa zikipata ruzuku chini ya Serikali. Wengi katika makanisa yetu waliumia, lakini sababu ya hatua ile ilikuwa ya haki: mtoto asikose nafasi kwa sababu ya dini ya wazazi wake. Novemba 1974, kikao cha Halmashauri Kuu ya TANU huko Musoma kiliamua kwamba kila mtoto aingie shule ya msingi ifikapo mwaka 1977. Vijana waliomaliza darasa la saba walifanywa walimu kwa mafunzo ya kazini vijijini mwao, na katika muda mfupi milango ya shule za msingi ikafunguka kuliko wakati wowote kabla yake.

Hata hivyo mwenendo wa uongozi haukubadilika kwa kasi hiyo. Mwalimu mkuu aliyekuwa akitoa hesabu kwa kituo cha misheni sasa alitoa hesabu kwa wilaya na mkoa. Kamati za shule ziliundwa, lakini mara nyingi mzazi aliitwa ili aelezwe michango, na mtoto hakuulizwa neno.

4. Swali la Profesa Mbilinyi

Marjorie Mbilinyi alizaliwa Marekani mwaka 1943, akafika Tanzania katika miaka ya 1960, akaolewa hapa na kuwa raia. Mwaka 1969, wakati nchi nzima ikizungumzia kujitegemea, alichapisha utafiti kuhusu elimu ya wasichana na mitazamo ya wasichana hao na baba zao. Mwaka 1972 alikamilisha tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuhusu jinsi familia za vijijini zinavyoamua kusomesha mtoto. Mwaka 1976 alihariri kitabu ambacho jina lake lenyewe liliuliza ni nani anayekwenda shule Afrika ya Mashariki.

Umuhimu wa swali hili unaonekana tukilinganisha na jibu lililozoeleka, hata kwetu sisi wachungaji. Tulizoea kusema kwamba msichana wa Kisukuma au wa Kikerewe hasomi kwa sababu ya mila na mahari. Mbilinyi hakukana nguvu ya mila, lakini aliitazama pamoja na uchumi wa kaya. Nani atateka maji? Nani atalea mdogo? Kuna fedha ya sare ya mtoto mmoja au ya watatu? Na baada ya shule, je, kuna nafasi yoyote ya kweli kwa msichana huyo? Mzazi maskini anayemchagua mvulana anafanya hesabu ndani ya mipaka ambayo hakuiweka yeye. Basi anayetaka usawa na ashughulikie mipaka hiyo, asiishie kumhubiria mzazi.

Jambo la pili katika kazi yake ni njia ya utafiti. Katika miaka ya 1970, hapohapo Dar es Salaam, Marja-Liisa Swantz, Mfini aliyekuja Tanganyika mwaka 1952 kufundisha katika chuo cha Kilutheri cha walimu wa kike cha Ashira, Kilimanjaro, alikuwa mmoja wa waanzilishi wa utafiti shirikishi, ambao wanakijiji ni washiriki wake na si vitu vya kuchunguzwa. Mbilinyi alikuwa katika mkondo huo. Alipoandika historia ya maisha ya Rebeka Kalindile, mwanamke mkulima wa Rungwe, aliifanya kazi hiyo pamoja naye, na katika maandishi aliyoyachapisha mwaka 1989 alijadili waziwazi tofauti ya mamlaka kati ya msomi na mwanamke yule. Huku ndiko kuondoa ukoloni kwa vitendo, maana aliyezoea kutajwa na wengine anapewa nafasi ya kujitaja mwenyewe.

Jambo la tatu ni kwamba hakuliacha swali ndani ya maktaba. Mwaka 1993 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Mtandao wa Jinsia Tanzania, na mwaka 2001 miongoni mwa waanzilishi wa HakiElimu. Shirika hili la pili lilisisitiza kwamba fedha za shule zibandikwe ukutani, kamati za shule ziwe na sauti, na mwalimu mkuu awajibike kwa wazazi na wanafunzi. Ukosoaji huo haukupokelewa kwa urahisi. Mwaka 2005 Serikali ililizuia kuchapisha taarifa kuhusu shule. Tukio hilo linaonyesha jinsi desturi ya kutoa hesabu kwa walio juu tu ilivyokuwa na mizizi.

5. Kalamu, fimbo na lugha

Tukirudi sasa kwenye ofisi ya mwalimu mkuu, tunaona vitu vitatu ambavyo swali hili linavipima.

Cha kwanza ni kalamu. Kwa miongo mingi msichana aliyepata mimba alifukuzwa shule, na aliyefuta jina lake katika rejista alikuwa mkuu wa shule. Kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu kufukuza kwa makosa dhidi ya maadili, na tamko la Rais la Juni 2017 lilikaza zaidi msimamo huo. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wasichana hao wanaweza kurudi katika shule za kawaida. Waraka umebadilika, lakini msichana anayerudi hukutana kwanza na uso wa mkuu wa shule, wala uso haubadilishwi kwa waraka.

Cha pili ni fimbo. Kanuni za mwaka 2002 zilipunguza viboko kutoka sita hadi vinne, na kutaka vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi. Shirika la Kuleana, lililoanzishwa mjini Mwanza mwaka 1992 kwa ajili ya haki za watoto, lilipiga vita adhabu hiyo. Wengi wetu tunaitetea kana kwamba ni mila yetu. Lakini mpango wa kumwita mtoto mbele ya gwaride, kuhesabu viboko na kuviandika kitabuni ni utaratibu wa shule ya mkoloni.

Cha tatu ni lugha. Kuanzia mwaka 1967 Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma, ilhali sekondari zimeendelea na Kiingereza. Profesa Birgit Brock-Utne wa Norway, aliyewahi kufundisha Dar es Salaam, alionya katika kitabu chake cha mwaka 2000 kwamba kwa njia hii akili ya Mwafrika inatawaliwa upya. Mtoto wa mvuvi wa Busisi, ambaye huenda alianza na Kisukuma au Kizinza nyumbani, akaingia Kiswahili darasani, hukutana na mlango wa tatu akiwa na umri wa miaka kumi na minne hivi. Anayeufikia akiwa ameandaliwa ni yule ambaye wazazi wake walilipia shule ya Kiingereza tangu mwanzo.

6. Na shule zetu?

Hapa historia inatugeukia sisi. Mwaka 1992 Serikali na makanisa walitia sahihi mkataba wa ushirikiano katika huduma za jamii, na sheria ya mwaka 1995 ikapanua nafasi ya shule binafsi. Makanisa yamejenga shule nyingi tangu hapo, na nyingine zinasifiwa kwa matokeo ya mitihani. Lakini swali la Mbilinyi linatufuata hadi getini: Ni nani anayekwenda katika shule zetu? Ikiwa ada inazidi mapato ya mvuvi kwa mwaka, ikiwa mtoto mwenye alama za chini huondolewa kabla ya mtihani wa taifa ili wastani usishuke, ikiwa msichana mwenye mtoto hapokelewi kwa sababu ya jina zuri la shule, basi tumerudisha lile chujio la kikoloni chini ya msalaba.

Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani mwaka 1524 akiwataka waanzishe shule, naye alitaja wavulana na wasichana pia. Hoja yake ilikuwa kwamba hazina ya mji ni watu waliofundishwa. Kwa Mlutheri, kwa hiyo, shule ni wajibu wa wote kwa watoto wote, wala haiwezi kuwa biashara ya kuponyesha bajeti ya dayosisi. Vilevile fundisho letu la wito linamwondoa mwalimu mkuu katika kiti cha bwana na kumweka katika nafasi ya mtumishi. Bwana wetu alipoulizwa ni nani aliye mkuu, alimwita mtoto mdogo akamsimamisha katikati. Anayeongoza shule na apimwe kwa yule aliyesimamishwa katikati.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba shule katika ukingo huu wa ziwa imepita mikononi mwa wamisionari, wakoloni, taifa, na sasa tena kwa sehemu mikononi mwa makanisa. Wenyewe walibadilika, lakini namna ya kuongoza ilidumu. Kuondoa ukoloni shuleni kutakamilika pale ambapo mwalimu mkuu atatoa hesabu pia kwa mzazi asiye na cheo, na ambapo mtoto aliye nje atahesabiwa kabla ya kuhesabu waliofaulu.

Ninapendekeza mambo matatu kwa wanafunzi wa theolojia watakaotumwa sharikani. Kaeni katika kamati za shule, nanyi mwulize habari za wasiokuwapo. Mtembeleeni msichana aliyeacha shule, kisha mwende naye kwa mkuu wa shule siku anaporudi. Na mkiwa wajumbe wa bodi za shule za Kanisa, msipokee taarifa ya matokeo ya mitihani bila kuomba karatasi ya pili, yenye idadi ya watoto walioondolewa katika mwaka huo na sababu ya kila mmoja.