Lishe ya wazee na hatari ya maradhi ya moyo

WANA waishio mijini wanapowatembelea wazazi wao mashambani, aghalabu kapu la zawadi huwa na sukari, mkate mweupe, mafuta ya kukaangia, unga uliokobolewa na pakiti mbili tatu za chumvi. Ni ishara ya mapenzi na heshima, na ni nadra mzazi asiifurahie. Hata hivyo, kwa mtu aliyetimiza umri wa miaka 60, hivyo ndivyo vitu ambavyo wataalamu wa lishe hushauri vipunguzwe ili moyo usiathirike.

Kadiri umri unavyosonga, mishipa mikubwa ya damu huwa migumu. Moyo hulazimika kusukuma damu kwa nguvu zaidi, na kipimo cha juu cha shinikizo la damu hupanda. Wakati huo huo, figo hupungukiwa na uwezo wa kuondoa chumvi mwilini. Chumvi inayosalia huvuta maji, damu huongezeka wingi, na shinikizo huzidi kupanda. Jambo lisilozingatiwa na wengi ni kwamba ulimi wa mzee nao hupoteza makali ya kuonja. Chakula kilichomkolea mjukuu huwa chapwa kwa nyanya yake, naye huagiza chumvi iletwe mezani.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima atumie chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai. Kiasi hicho hujumuisha chumvi iliyojificha katika mkate, soseji, samaki wa kukaushwa kwa chumvi na viungo vya mchuzi vya pakiti.

Manufaa ya kupunguza chumvi uzeeni yalidhihirika katika utafiti uliofanywa katika vijiji 600 nchini China na kuchapishwa mwaka 2021. Karibu watu 21,000 walishirikishwa. Wote walikuwa wamewahi kupata kiharusi, au walikuwa na miaka 60 na zaidi na shinikizo la juu la damu. Nusu ya vijiji vilipewa chumvi ambayo robo yake ilikuwa ya madini ya potasiamu badala ya sodiamu. Baada ya takriban miaka mitano, visa vya kiharusi katika vijiji hivyo vilikuwa vimepungua kwa asilimia 14 vikilinganishwa na vile vilivyoendelea na chumvi ya kawaida.

Nchini Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu watu wa miaka 18 hadi 69 ulibaini kuwa takriban mtu mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu, na zaidi ya nusu hawakuwa wamewahi kupimwa. Aidha, asilimia 94 hawakuwa wakila mboga na matunda ya kutosha.

Kwa mzee, upungufu huo una chanzo kingine: meno. Aliyeng'oka meno huacha githeri, njugu na matunda magumu, akabakia na chai ya sukari na mkate, chakula laini lakini kisicho na nyuzinyuzi za kupunguza lehemu katika damu. Suluhisho si ghali. Maharagwe na ndengu huweza kuchemshwa hadi yakapondeka, managu na mchicha vikakatwa vyembamba, na uji wa wimbi ukachukua nafasi ya mkate. Papai, ndizi mbivu na parachichi havihitaji meno kamwe.

Kuhusu mafuta, yale yanayoganda, yawe samli, ya nyama au ya kopo, huongeza lehemu mbaya inayoziba mishipa. Nchini Uhispania, watafiti waliwafuatilia watu 7,447 wa kati ya miaka 55 na 80 waliokuwa katika hatari ya kupata maradhi ya moyo. Waliokula vyakula vya asili vya eneo la Mediterania pamoja na mafuta ya zeituni, au gramu 30 za lozi na jamii yake kila siku, walipata mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo kitokanacho na maradhi hayo kwa kiwango cha chini kwa takriban asilimia 30. Matokeo hayo ya mwaka 2013 yalichanganuliwa upya mwaka 2018 baada ya dosari za utaratibu kugunduliwa, na hayakubadilika sana. Zeituni ni ghali kwa Wakenya wengi, lakini karanga, korosho na parachichi zina mafuta ya aina inayokaribiana na hayo.

Isidhaniwe kuwa mzee anafaa kunyimwa nyama, mayai na maziwa. Misuli hupungua uzeeni, na anayekonda bila kukusudia huwa dhaifu upesi. Omena na samaki wengine humpa protini pamoja na mafuta yafaayo moyo.

Anayetumia dawa za shinikizo la damu hapaswi kuziacha kwa sababu amebadilisha mlo. Mwenye ugonjwa wa figo asitumie chumvi yenye potasiamu kabla ya kumwona daktari, kwa kuwa potasiamu ikizidi huvuruga mapigo ya moyo. Naye anayemeza warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, hahitaji kuacha sukuma wiki. Yampasa kula kiasi kile kile kila wiki, maana mboga hizo zikiongezwa ghafla hupunguza nguvu za dawa hiyo.