Yavuyavu wa Maji Baridi

Pwani, yavuyavu husukumwa ufukoni na upepo na mkondo. Misafara ya karne ya 19, kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji, ilimwacha huko, ikakatisha nyika ya Ugogo iliko Bahi, ikiwalipa watemi hongo ndipo ipate maji. Nani angetarajia kumkuta tena mbele? Lakini mwaka 1883 Mjerumani Richard Böhm alimwona katika Ziwa Tanganyika, mdogo kama sarafu, na mwaka 1893 Günther akampa jina la kitaalamu. Mwingereza Moore akashikilia kuwa ziwa hilo ni mabaki ya bahari ya kale. Dai tamu, hasa kwa washairi, halikusimama. Yavuyavu wa namna hiyo alionekana baadaye hata Ziwa Viktoria, na Tanganyika ni ufa wa ardhi uliojazwa na mvua na mito.