Kachi: Ile mechi ya wawili kwa wawili ya Tokyo, 1995

Watu wengi wa Butembo na Beni wenye wanapenda kachi, ambayo vitabu vinaita mieleka, wanajua ile ya Marekani yenye inapita kwenye televisheni. Wanajua pia ile ya Kinshasa, ya akina Edingwe, ambako mpiganaji anaingia na fetishi zake. Ya Japani ndiyo haijulikane sana. Lakini ni kule Tokyo, tarehe 9 mwezi wa sita 1995, ilipiganwa mechi moja ambayo wapenzi wa kachi katika nchi nyingi wangali wanaizungumzia.

Sheria zake

Kila ekipi ina watu wawili. Mmoja anapigana ndani ya ringi, mwenzake anangoja kwenye pembe, nje ya kamba, mpaka wagusane mikono. Anashinda yule anayelaza mpinzani, mabega yote mawili chini, mwamuzi ahesabu mpaka tatu. Mwenzake aliyelazwa anaweza kukimbia akatize ile hesabu. Kwa hiyo ukitaka kushinda, kwanza umtoe njiani yule msaidizi.

Mshindi wa kachi anapangwa mbele, na wapiganaji wenyewe wanajua. Hata vile, mtu akitupwa anaanguka kweli, na mgongo unauma kweli.

Nani alipigana na nani

Mechi ilifanyika ndani ya Nippon Budokan, ukumbi uliojengwa juu ya judo ya Michezo ya Olimpiki ya 1964. Iliandaliwa na kampuni ya All Japan Pro Wrestling, iliyoanzishwa na Giant Baba mwaka wa 1972.

Mitsuharu Misawa na Kenta Kobashi ndio walikuwa wenye mikanda. Wapinzani wao walikuwa Toshiaki Kawada na Akira Taue, huyu wa pili akiwa ametoka kwenye mchezo wa sumo. Misawa na Kawada walisoma sekondari moja, Misawa akiwa mbele mwaka mmoja. Na mpaka ile siku, Kawada hajawahi kumlaza mkubwa wake wa shule hata mara moja. Mwezi wa kwanza wa ule mwaka, ekipi hizo mbili zilikuwa zimepigana dakika 60 nzima bila mshindi.

Mguu wa Kobashi

Kobashi aliingia na mguu mbovu, umefungwa bendeji. Kawada na Taue hawakumhurumia: waliupiga ule mguu mpaka akashindwa kusimama vizuri. Sababu yao ilieleweka. Kobashi akilala, Misawa anabaki peke yake mbele ya watu wawili.

Mwisho ulipokaribia, Misawa alikuwa chini, nguvu zimemwisha. Kobashi hakuweza tena kupigana. Akajikokota, akalala juu ya mwenzake, akamfunika na mwili wake mwenyewe ili mapigo yamwangukie yeye. Wakamtoa pale. Baada ya dakika zaidi ya 40, Kawada akamnyanyua Misawa, akamwangusha mgongo chini, mwamuzi akahesabu tatu.

Mikanda ikabadilisha wenyewe, lakini chenye watu wanakumbuka zaidi ni kile kitendo cha Kobashi. Hakikubadilisha matokeo. Kilionyesha tu kwamba mwenzako anaweza kubaki na wewe hata kama hana tena cha kukusaidia. Kitu hicho mtu yeyote anakielewa, hata kama hajui Kijapani, hata kama anajua mshindi alipangwa.

Bei ya mchezo

Mwaka wa 2000 Misawa aliacha All Japan, akaanzisha kampuni yake, Pro Wrestling NOAH. Tarehe 13 mwezi wa sita 2009, mjini Hiroshima, akiwa tena katika mechi ya wawili kwa wawili, alitupwa kinyumanyuma na hakuamka. Alikufa ile siku, akiwa na miaka 46. Alikuwa ametupwa hivyo mara nyingi katika maisha yake, na alikuwa fundi wa kuanguka.

Wazazi wenye watoto wanaigaiga kachi kwenye mchanga au juu ya godoro wakumbuke hilo. Shingo ya fundi ilishindwa. Ya mtoto ambaye hakuna mtu alimfundisha kuanguka itashindwa mbele yake.