Saa, Daftari na Riwaya: Nidhamu ya Utunzi ya Anthony Trollope

Jadi ya uhakiki iliyorithiwa kutoka kwa Waromantiki humwona mtunzi kuwa mtu anayengojea msukumo. Kwa mtazamo huo, riwaya iliyoandikwa upesi, katika muda uliobanwa na ajira, hushukiwa kuwa duni kabla haijasomwa. Historia ya Anthony Trollope (1815–1882) inautia dosari mtazamo huo.

Trollope aliajiriwa na Posta ya Uingereza mwaka 1834, akahamishiwa Ireland mwaka 1841, na hakujiuzulu hadi mwaka 1867. Ukaguzi wa njia za barua ulimweka safarini mara kwa mara. Hakungoja faragha, aliandika kwa penseli ndani ya garimoshi, naye mkewe, Rose, akanakili. Sehemu kubwa ya Barchester Towers (1857) ilitungwa hivyo.

Alipohamia Waltham Cross mwaka 1859, alianza kuandika saa kumi na moja na nusu kila alfajiri, akimlipa mtumishi pauni 5 za ziada kwa mwaka ili amwamshe. Nusu saa ya kwanza aliisoma kazi ya jana. Baada ya hapo alijidai maneno 250 kwa kila robo saa. Aidha, aliweka daftari la kurasa alizoandika, wastani wake ukiwa kurasa 40 kwa wiki. Juma la uvivu lilibaki humo likimsuta. Hata kabla ya kuhamia huko, aliwahi kuimaliza Doctor Thorne (1858) na kuianza The Bertrams (1859) siku iliyofuata.

Tawasifu yake ilipochapishwa mwaka 1883 na kuyafichua haya, baadhi ya wasomaji walimwona fundi tu, si msanii. Hukumu hiyo ilipima ratiba badala ya matini. Yamkini nidhamu hiyo iliathiri fani yenyewe: riwaya za Barsetshire hurejelea mandhari na wahusika walewale, na mtunzi anayeujua ulimwengu wake hahitaji kuubuni upya kila alfajiri.

Hata hivyo, bidii ya mtu mmoja haitoshi kuueleza wingi wa riwaya zake, ambazo ni 47. Muda wa Trollope ulitegemea muda wa wengine: mke aliyenakili na mtumishi aliyeamka kabla yake. Tawasifu inawataja wote wawili, lakini uhakiki umezoea kumsifu au kumlaumu yeye peke yake.

Suala hili linauhusu pia uhakiki wa Kiswahili. Shaaban Robert (1909–1962) naye alikuwa mtumishi wa serikali kwa miaka mingi, ilhali maandishi yake huchambuliwa zaidi kwa maadili na lugha. Mhakiki anayechunguza jinsi muda wa kuandika ulivyopatikana, na kwa gharama ya nani, ataieleza fani kwa ukamilifu zaidi kuliko yule anayetosheka na dhana ya kipaji.