Tulale wapi leo? Kambi za misafara kwenye nchi ya Waha

Nimekuwa kimya siku kadhaa, mniwie radhi. Nilikuwa Kigoma, na sehemu kubwa ya muda huo niliimalizia barabarani kati ya Kasulu na Kibondo. Nimerudi na vumbi kidogo na swali moja ambalo limenikaa kichwani.

Ukitaja neno "kambi" Kibondo, mtu hafikirii mahema ya watalii. Atakuuliza: Nduta au ipi? Kasulu atakuuliza: Nyarugusu, au ile ya zamani ya Mtabila? Kwa mtu wa Dar kambi ni ya jeshi, au ya timu inayojiandaa na mechi. Kule kambi ni mahali ambapo mtu alifika jioni akiwa na mzigo kichwani, akaambiwa alale hapo, na wakati mwingine akabaki miaka ishirini.

Wengi tunadhani neno lenyewe tumelichukua kwa Mwingereza. Lakini Richard Burton, aliyetoka pwani mwaka 1857 pamoja na John Speke na kuliona Ziwa Tanganyika Februari 1858, aliwakuta wapagazi tayari wanalo. Yeye aliliandika "khambi", kwa masikio yake ya Kiarabu. Wakati huo hakuna Mwingereza aliyekuwa anatawala hata kijiji kimoja kati ya Bagamoyo na Ujiji. Kwa hiyo tukiongelea mambo ya kupiga kambi njiani, tusijifanye tumeyajua kwa wageni wenye magari yenye vitanda ndani. Babu zetu walikuwa na utaalamu wao, tena wa hali ya juu, kwa sababu aliyekosea kuchagua pa kulala aliweza asiamke.

Hebu fikiria msafara wenyewe. Watu mia mbili, pengine mia tano, wengi wao Wanyamwezi. Kila mpagazi ana mzigo wa karibu frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu, ukiacha chungu chake, mkeka wake na chakula chake. Wanatembea tangu alfajiri mpaka jua linapokuwa kali. Mbele yupo kirangozi, amejipamba kwa nguo nyekundu na manyoya, na nyuma yake ngoma. Huyu kirangozi ndiye aliyejibu swali la "tulale wapi", na mwenye mali, awe Mwarabu au Mzungu, mara nyingi alikuwa anafuata tu. Hili linanifurahisha kila ninapolisoma. Mwenye pesa anapiga kelele, anaandika kwenye daftari lake kwamba wapagazi ni wavivu, halafu jioni analala pale pale walipochagua wapagazi.

Kitu cha kwanza kilikuwa maji. Kama mbele hakuna maji, msafara haukuondoka alfajiri. Ulikaa, watu wakala na kunywa, wakajaza vibuyu, kisha wakatoka baada ya adhuhuri na kutembea mpaka usiku, wakalala bila maji na kuyafikia kesho yake asubuhi. Mwendo huo wa mchana waandishi wa zamani waliuita "tirikeza", na wapagazi waliuchukia kuliko kitu chochote.

Cha pili ni miti na nyasi. Wakishatua mizigo, wenye nguvu walikimbilia kukata matawi, wakajenga vibanda kwa duara na kuzungusha boma la miiba. Mizigo inakaa katikati. Kazi hiyo yote huchukua saa moja au mbili tu. Lakini kama kulikuwa na kambi ya zamani iliyoachwa na msafara uliotangulia, wengine waliona raha kuingia humo humo. Hapo ndipo palipokuwa na mtego. Kambi ya jana ina vibanda tayari, na pia ina papasi, chawa na uchafu wa watu mia tatu, na kama waliotangulia walikuwa na ndui, ndui nayo inakusubiri. Burton aliona misafara iliyokumbwa na ndui, wagonjwa wakijikokota nyuma mpaka wanaanguka. Kwa hiyo uamuzi wa kulala kwenye kibanda kilichojengwa tayari au kukata matawi mapya huku mwili umechoka haukuwa wa starehe.

Cha tatu, na kwa maoni yangu ndicho kikubwa, ni mwenyeji. Hii ardhi ni ya nani? Umemsalimu? Umempa nini?

Hapa tunaingia nchi ya Waha. Njia kuu ya Tabora kwenda Ujiji haikupanda kwenye milima ya Kasulu na Kibondo. Ilipita chini, kusini, kando ya Mto Malagarasi, ikigusa ukingo tu wa Uha. Juu kulikuwa na watu wengi, ng'ombe, na watawala waliojitosheleza: mwami, na chini yake watware walioshika maeneo. Lakini milima na njia vilishikana kwa maji. Mto Ruchugi unatoka huko juu Kasulu na kushuka mpaka Uvinza, na pale unapokutana na Malagarasi ndipo zilipo chemchemi za maji ya chumvi.

Uvinza inastahili makala yake peke yake, ila niseme machache. Wanaakiolojia John Sutton na Andrew Roberts walichimba pale mwaka 1967 na kuonyesha kwamba watu walikuwa wanachemsha chumvi hapo zaidi ya miaka elfu moja na mia nne iliyopita. Kila kiangazi watu walishuka kutoka pande zote, Waha wakiwemo, wakajenga vibanda vya nyasi, wakachemsha chumvi kwa wiki kadhaa, wakatoa sehemu ya watawala wa pale, wakarudi kwao kabla ya mvua. Kwa hiyo kabla ya Mwarabu wa kwanza kupita na pembe zake, pale palishakuwa na kambi yenye kanuni zake: unalala, unafanya kazi, unamlipa mwenye nchi.

Malipo hayo kwenye njia ya misafara yaliitwa hongo. Ndiyo, neno lile lile ambalo TAKUKURU wanalibandika kwenye mabango. Zamani hongo haikuwa kitu cha kupitisha chini ya meza. Ilidaiwa hadharani, mbele ya msafara mzima, kwa mabishano ya siku nzima, na ukishalipa unapewa ruhusa ya kupita, kulala, kuteka maji na kununua chakula. Leo ukiingia kwenye hifadhi unalipa ada ya kuingia na ada ya kupiga kambi, na huiti wizi. Lini hongo ikageuka kuwa rushwa ndani ya vichwa vyetu? Nashuku walioandika historia hii ndio waliotusaidia kugeuka, maana wote walikuwa upande wa wanaolipa.

Mmoja wao ni Henry Morton Stanley. Mwaka 1871 alikuwa anamtafuta David Livingstone kwa niaba ya gazeti la New York Herald (ndiyo, alikuwa mwandishi wa habari mwenzangu, Mungu anisamehe). Alivuka Malagarasi, ambako mamba alimla punda wake aitwaye Simba. Kambi za Malagarasi zilikuwa na faida yake pia: ni kutoka kwa msafara mwingine uliotoka upande wa Ujiji ndipo alipopata habari za mzee wa Kizungu mwenye ndevu nyeupe. Kambi ndiyo iliyokuwa redio ya wakati ule.

Akaingia Uha. Akalala Kawanga, na baada ya hapo akasimamishwa na mtware mmoja aitwaye Mionvu, aliyetaka doti mia moja za nguo. Doti moja ni kama mita tatu na nusu hivi. Wakabishana, wakafika doti 75. Stanley akalipa huku anasaga meno. Alipoendelea akakuta mkubwa mwingine naye anadai chake, na akaambiwa kwamba mbele bado wapo watano. Akapiga hesabu, akaona atafika Ujiji mikono mitupu.

Akaamua kutochagua kambi kabisa. Akamlipa mtu anayeijua nchi, akanunua nafaka, na usiku wa manane watu wake wakatoka wachache wachache kimya kimya, wakaacha njia na kuingia porini. Mchana walijificha kwenye vichaka. Hakuna moto. Kuku waliokuwa wakipiga kelele walinyongwa shingo. Karibu na Ruchugi (yeye anaandika Rusugi) walionekana na wabeba chumvi, wakaogopana: wale wakatupa mizigo yao na kukimbia, hawa wakaharakisha kupotea.

Na kuna mwanamke. Alikuwa mke wa mmoja wa watu wa msafara. Wakiwa katikati ya safari hiyo ya kuviziana alianza kupiga mayowe. Stanley mwenyewe anasimulia jinsi mume alivyotaka kumchinja, na jinsi yeye alivyochukua mjeledi na kumchapa mpaka akanyamaza, kisha akafungwa mdomo kwa nguo. Nimesoma ukurasa huo mara nyingi. Wasomaji wa Marekani na Uingereza walisoma hapo ujanja wa kiongozi shupavu anayewakwepa "wanyang'anyi" wa Kiha. Mimi naona mtu aliyekosa usingizi, aliyekosa moto na chakula cha moto, amebeba mzigo usiku kwenye nchi asiyoijua, kwa sababu bwana mwenye nguo hataki kulipa. Punda aliyeliwa na mamba ana jina kitabuni. Huyu mama hana.

Sisemi Mionvu alikuwa mtu wa haki. Doti 75 ni nyingi, na misafara midogo ya Wanyamwezi ilijua uchungu huo kuliko Stanley. Tena nyuma ya hongo ile kulikuwa na pembe za ndovu na watumwa waliopitishwa njia hiyo hiyo, na watawala wengi waliokula humo. Ninachokataa ni ile picha ya upande mmoja iliyowafanya Waha wawe wezi kwenye vitabu kwa karne nzima, kwa kosa la kuwa na nchi iliyokaa njiani.

Tarehe 10 Novemba 1871, kwa hesabu yake mwenyewe, Stanley aliingia Ujiji. Wanahistoria wengi wanaona kalenda yake ilikuwa imeteleza, lakini hilo tuliache. La kuangalia ni walivyorudi. Tarehe 27 Desemba yeye na Livingstone walipoondoka Ujiji kwenda Tabora hawakupita Uha. Walipanda mitumbwi, wakashuka ziwani kusini, kisha wakazunguka kwa miguu. Wakafika Unyanyembe Februari 1872. Mzunguko wote ule, na kila usiku wa mvua waliolala humo, ulipangwa kwa kumkwepa mwenyeji mmoja.

Reli ndiyo iliyoua misafara. Ilifika Kigoma Februari 1914, na kirangozi na manyoya yake akakosa kazi. Watu wa Kasulu na Kibondo, waliokuwa wanalipwa na wapita njia, wakageuka wao kuwa wapita njia. Walitembea kwenda mkonge, Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba kwa sababu ya namba walizopewa. Idara ya Kazi ya Waingereza, iliyoanzishwa mwaka 1926 chini ya Meja Granville Orde-Browne, ilijenga kambi za kupumzikia kwenye njia za vibarua. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaanzisha SILABU, chombo chao cha kuwakusanya na kuwasafirisha. Hapo mpagazi hakuchagua tena pa kulala. Aliambiwa.

Hata sisi tuliozaliwa na mabasi tunaijua hali hiyo. Kutoka miaka ya 1990 mpaka 2023 mabasi yalikatazwa kusafiri usiku kucha, na wasafiri wa Kigoma tulilala kwenye viti au kwenye gesti za bei ya kutupwa, pale tu saa ilipotukutia. Na kwenye vipande vya Kasulu na Kibondo, enzi za majambazi wa bunduki, basi lilisubiri askari wa kulisindikiza. Abiria wakiuliza "tunalala wapi leo?", konda anajibu "tutajua mbele".

Halafu hizi kambi nilizoanza nazo. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Burundi Oktoba 1993, na vita vya Kongo kuanza mwaka 1996, milima hii ilipokea watu kwa malaki. Mashirika yana vipimo vya kuchagua mahali: mbali na mpaka kilomita 50 ikiwezekana, mita za mraba 45 kwa kila mtu, mteremko kidogo ili maji ya mvua yatoke, na maji ya kunywa ya uhakika. Kirangozi angevielewa vyote bila mkalimani. Mtendeli, kule Kakonko, ilifunguliwa tena Januari 2016 kwa ajili ya Warundi, na kilio chake tangu mwanzo kilikuwa maji. Mwishoni mwa 2021 ilifungwa, na waliobaki wakapelekwa Nduta.

Kama una babu au bibi Heru Juu, Makere, Kakonko au popote pale juu, na aliwahi kwenda manamba kwa miguu, muulize walilala wapi usiku wa kwanza, nani alichagua mahali, na walimlipa nani. Niandikie. Hata majina matatu ya mahali yatanitosha.