Mhasibu Mkuu aliyefundisha watu kutazama pumzi

Mwezi wa nne bila pesa ya kujikimu, sisi wanafunzi wa utafiti tukaitwa kwenye semina ya afya ya akili. Tulidhani tunaenda kuelezwa pesa imekwama wapi. Kumbe tumeitwa kufundishwa kupumua. Mwezeshaji, dada mpole kweli, akatuambia tufumbe macho, tufuate pumzi ikiingia na kutoka, na mawazo yakija tuyaache yapite. Wazo langu lilikuwa kodi ya chumba. Halikupita.

Nilitoka pale nina hasira, ila pia (nakiri) nimetulia. Kuwa na vyote viwili kwa pamoja ndiko kulikonikera, nikaanza kutafuta mbinu hii ilitoka wapi.

Njia fupi inaishia Marekani. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, msomi wa baiolojia ya molekuli, alianzisha mafunzo katika hospitali ya chuo kikuu kule Worcester, Massachusetts, kwa wagonjwa wa maumivu sugu ambao tiba ya kawaida haikuwasaidia vya kutosha. Aliyachota kwenye taamuli za Kibudha, dini akaiweka kando kwa makusudi. Wanasaikolojia wakayachukua na kuyapima, na leo yako kwenye simu, maofisini, mpaka kwenye semina yetu.

Njia ndefu inapita Burma, yaani Myanmar ya leo. Mwaka 1885 Waingereza waliiteka Mandalay na kumpeleka mfalme Thibaw uhamishoni India. Mfalme ndiye aliyekuwa mlinzi wa dini, na watu wengi waliogopa kwamba Ubudha wenyewe utakufa. Mtawa Ledi Sayadaw akawa anazunguka nchi akihubiri na kuandika kwa lugha nyepesi, akiwafundisha watu wa kawaida falsafa na taamuli zilizokuwa zaidi kazi ya watawa. Mwanahistoria Erik Braun anaonyesha kwamba hapo ndipo taamuli ilipoanza kuwa jambo la umma. Kwa hiyo umma ulianza kukaa na kutazama pumzi kwa sababu ya ukoloni. Msongo wa mawazo haukuwa hoja.

Kutoka kwa Ledi mafunzo yakafika kwa mkulima mmoja, Saya Thetgyi, na kutoka kwake yakafika kwa karani wa serikali, U Ba Khin. Huyu ndiye niliyempenda. Burma ilipopata uhuru mwaka 1948 alikuwa Mhasibu Mkuu wa nchi, na alifundisha taamuli hukohuko ofisini kwa wafanyakazi wake. Mhasibu! Nilicheka peke yangu maktaba.

Mwaka 1955 alimjia mfanyabiashara mwenye asili ya India, S. N. Goenka, aliyeteswa na kipandauso hadi anachomwa mofini. Kwa simulizi yake mwenyewe Goenka, mhasibu alimkataa kwanza: kama umekuja kwa ajili ya kichwa tu, hapa sipo. Alimkubali baadaye, na Goenka ndiye aliyeirudisha njia hiyo India mwaka 1969.

Sisemi wa Worcester walikosea. Mtu anayeumwa mgongo miaka kumi hahitaji somo la historia. Lakini neno la Kipali tunalolitafsiri kama umakinifu ni *sati*, na mzizi wake ni kukumbuka. Kule semina hakuna aliyetuambia tukumbuke chochote. Tuliambiwa tutulie, na waliotuambia ndio walewale wanaotudai uvumilivu. Pumzi ni ileile, ila nani anakuomba uitazame, na ili iweje, hilo linabadilisha kitu.

Tumeandika barua, majina 11 chini yake. Siku ya kuipeleka nilikaa kwenye ngazi za jengo la utawala, mikono inatetemeka, nikahesabu pumzi 10, nikapanda. Mhasibu alikuwa ametoka. Nimeambiwa nirudi Jumatatu.